Picha za mapumziko Serengeti na Ngorongoro msimu wa magari mengi: tuanze na mahali pa kusimama kabla ya lenzi

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila ifikapo Julai huulizwa hapa swali lilelile, yaani lenzi ipi ikodiwe kwa safari ya Serengeti na Ngorongoro, na naona swali hilo hutangulizwa wakati lilistahili kuwa la tatu au la nne. Atakayeingia Seronera, katikati ya Serengeti, mwezi wa Agosti hatakosa wanyama. Atakachokosa ni nafasi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2024 idadi hiyo ilivuka milioni 2, na wengi wa wanaokwenda hifadhini huelekea kanda ya kaskazini, miezi ileile ya kiangazi na barabara zilezile. Hoja yangu ni kwamba picha huamuliwa na mahali gari linaposimama na muda linaokaa hapo, na mambo hayo mawili mteja anaweza kuyapanga na dereva wake kabla ya kuondoka Arusha, hata kama kamera yake ni ya kawaida.

Nianze na Seronera, kwa kuwa ndiko msongamano unakoonekana waziwazi. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, eneo ambalo lingetosha magari yote ya watalii kutawanyika bila kuonana. Hata hivyo mto Seronera na vijito vyake hubaki na unyevu wakati tambarare za kusini zimekauka, kandokando yake kuna migunga na miegea ambayo chui hupenda kulala juu ya matawi yake, na papo hapo pana kiwanja cha ndege, kambi, nyumba za wageni na barabara itokayo lango la Naabi. Dereva mmoja akimwona chui hutangaza kwa redio, na muda si mrefu njia nyembamba huwa imezibwa pande zote mbili na kila paa lililoinuliwa lina vichwa sita. Wote hao huondoka na picha moja: mkia unaoning'inia, kipande cha ubavu nyuma ya majani, na anga jeupe lililojaa nyuma yake.

Anga hilo jeupe ndilo linaloharibu kazi zaidi ya umbali. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima, ikikuta nyeupe nyingi hupunguza mwangaza, na chui huwa kivuli cheusi kisicho na macho. Dawa ya papo hapo ni kuongeza mwangaza kwa hatua moja au moja na nusu na kukubali anga liungue, yaani liwe jeupe tupu. Dawa ya kweli ni kulisogeza gari hata mita kumi ili nyuma ya mnyama kuwe na kilima au mti mwingine, na katika foleni huwezi kusogea hata nusu mita. Ndiyo maana nasema foleni ni tatizo la picha kabla hata hatujazungumzia ustaarabu.

Haraka inayotengeneza foleni hizo ina chanzo kingine ambacho wageni wengi hawaelezwi. Kibali cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu gari linapoandikishwa langoni, hivyo aliyeingia Naabi saa nane mchana na kulipia usiku mmoja anapaswa kuwa langoni tena saa nane ya kesho yake. Ukinunua safari ya siku tatu yenye hifadhi tatu, dereva wako ataendesha jicho moja likiwa barabarani na jingine kwenye saa, naye hawezi kukaa dakika arobaini akisubiri simba aamke. Kwa maoni yangu, anayetaka picha afute hifadhi moja kwenye ratiba na kulala usiku miwili au mitatu mahali pamoja. Fedha hiyo humnufaisha kuliko lenzi ya kukodi.

Kuhusu mwanga, tukumbuke tuko karibu na ikweta. Jua hutoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kisha hupanda takriban nyuzi 15 kila saa. Kufikia saa tatu asubuhi vivuli vimeshakuwa vifupi na vikali, na kuanzia saa nne joto linalopanda kutoka ardhini huitikisa hewa kiasi kwamba mnyama aliye mbali huonekana kama yuko nyuma ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hali hiyo, na iliyo ndefu zaidi huikuza. Wakati huohuo, nyumba nyingi za wageni huandaa kifungua kinywa kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, na wageni walio wengi hukaa mezani saa ileile ambayo mwanga ni wa dhahabu na simba bado wanatembea. Omba chakula cha kubeba tangu usiku. Utapata saa moja na nusu ya barabara karibu tupu, na kahawa unaweza kuinywa garini.

Katika saa hiyo, chagua mandhari kwanza na umwache mnyama aje ndani yake. Miamba ya Moru na ile ya Simba ni mifano mizuri: mawe hupokea jua la asubuhi kutoka upande mmoja, yana rangi inayochukuana na ngozi ya simba, na yanakupa picha hata kama aliyetokea ni pimbi au mjusi. Wengine wataniambia kwamba hawakulipa fedha zote hizo ili wapige pimbi, nami nawaelewa. Lakini katika albamu nyingi za safari nilizotazama, picha zinazokumbukwa na wenyewe ni zile zenye mahali ndani yake, ilhali sura ya simba iliyojaza fremu nzima ingeweza kupigwa popote.

Ngorongoro ni sura nyingine kabisa, na wengi huichukulia kama Serengeti ndogo. Sakafu ya kreta ina takriban kilomita za mraba 260, imezungukwa na ukuta wenye urefu wa kama mita 600, na haisimamiwi na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania) bali na mamlaka yake yenyewe. Ukuta huo ndio zawadi ya mpiga picha, kwa maana popote utakaposimama una pazia la buluu iliyokolea nyuma ya mnyama, na anga jeupe halikusumbui ukishusha kamera kidogo. Asubuhi mawingu hukaa kwenye ukingo na jua huchelewa kufika chini, kwa hiyo mwanga laini hudumu zaidi kuliko kwenye tambarare za Serengeti. Msitafute twiga humo chini, hawapo. Faru weusi wapo, lakini mara nyingi huwa mbali na barabara, na anayeng'ang'ania kumkuza faru aliye mbali sana atapata kijiwe cha kijivu. Mwache awe mdogo. Faru mdogo, nyasi zilizokauka, ukuta wa kreta na wingu linalomwagika kutoka ukingoni ni picha ya mandhari ambayo hata simu yaweza kuibeba vizuri.

Mwisho kwa leo, duma. Huyu huwinda mchana, anahitaji nafasi ya kunyemelea na kukimbia, na magari humharibia vyote viwili. Utafiti wa mwanasayansi Femke Broekhuis uliofanyika Maasai Mara, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba majike katika maeneo yenye watalii wengi walilea hadi kujitegemea wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao, ilhali katika maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Sijui kama kuna takwimu nyingine ya utalii inayonisumbua kama hiyo. Nikimkuta duma jike ana watoto na magari matatu yako pale, mimi humwomba dereva tupite.

Karibuni mchangie, hasa madereva.

Usukani Kaskazini

Ndugu mtoa mada, nimeisoma mada yako yote, na kwa kuwa mimi ni dereva mwongoza watalii naomba niseme upande ambao hausemwi. Tunalaumiwa kwamba tunakimbilia redio, na ni kweli tunakimbia. Lakini mgeni aliyeambiwa na wakala wake kwamba atawaona wanyama wakubwa watano, akirudi jioni bila chui, huandika ujumbe ofisini kabla hajala chakula cha usiku, na bakshishi ya siku ya mwisho, ambayo kwa wengi wetu ni sehemu kubwa ya kipato cha safari, hupungua palepale. Dereva hawezi kukisia kwamba wewe ni mtu wa mandhari na subira. Mwambie siku ya kwanza, mbele ya wenzako wote garini, kwamba chui akipatikana ni vema na asipopatikana hakuna lawama. Utashangaa jinsi gari litakavyotulia.

Jambo hili ni gumu katika safari za kuchangia gari, ambamo watu sita wasiojuana wana matakwa sita. Humo usitarajie kuamua njia. Omba mambo madogo: injini izimwe kila tunaposimama, kwa sababu mtetemo wake hupita kwenye chuma mpaka kwenye lenzi, watu wasitembee ndani ya gari mtu anapopiga, na dereva asimamishe gari likiwa limeelekea mshazari ili pande zote mbili za paa ziweze kuona. Hayo hakuna dereva atakayeyakataa.

Naongeza na la nafasi. Tukikuta simba wanatembea barabarani, magari mengi huwafuata kwa nyuma na wageni hupiga mikia. Mimi hutazama wanaelekea wapi, nikapita njia ya pili kama ipo, nikatangulia mbali, nikazima gari na kusubiri. Wakija, wanakuja wakinitazama, na jua liko mgongoni mwangu. Wasipokuja, basi. Kuiacha barabara na kukanyaga nyasi ili kumzunguka mnyama hairuhusiwi, na faini ikija hulipwa na mimi, si mgeni aliyenisukuma.

Kwa wanaoogopa msongamano kabisa, fikirieni Tarangire mwishoni mwa kiangazi. Tembo hukusanyika mtoni kwa makundi, mibuyu ipo kila upande, na vumbi la jioni likipigwa na jua kutoka nyuma hutoa picha ambazo Seronera haiwezi kuzitoa. Magari yapo huko pia, ila mbuyu ni mkubwa, unaficha mengi.

Mama wa Kihonda

Kaka mtoa mada, nashukuru kwa darasa, ila naona mmezungumza na wenye uwezo. Sisi tuko Morogoro, tuna watoto, tuna simu mbili na siku moja ya likizo ya shule, na hifadhi yetu ni Mikumi, ambayo mwisho wa wiki hujaa wageni kutoka Dar es Salaam na Zanzibar. Hayo ya mwanga na mandhari yanatufaa sisi wenye simu, au tupige tu picha za kumbukumbu na kurudi nyumbani?

Mtoa mada

Dada yangu, yanawafaa ninyi kuliko mwenye lenzi ya milimita 400, kwa sababu simu ni chombo cha mandhari na haikuzi wanyama vizuri. Usivute picha kwa vidole kupita kiwango ambacho lenzi za simu yenyewe zinafikia. Baada ya hapo simu inakata na kutanua vipande tu, na hilo mnaweza kulifanya nyumbani kwa utulivu. Futeni lenzi kwa kitambaa laini kila mara, maana vumbi na alama za vidole vya watoto ndivyo vinavyoleta ule ukungu ambao watu hudhani ni ubovu wa simu. Kabla ya kupiga, gusa kioo mahali alipo mnyama, ushikilie mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, kisha ushushe mwangaza kidogo ili mawingu yasiungue.

Mikumi ina kilomita za mraba 3,230 na sifa moja nzuri kwa picha: tambarare ya Mkata iko wazi kabisa, na milima huonekana kwa mbali nyuma ya pundamilia, twiga na nyati. Ingieni lango likifunguliwa, mwende moja kwa moja ndani ya tambarare wakati wengine bado wanapanga foleni ya malipo, kisha bwawa la viboko mliache mpaka mchana, kwa kuwa kiboko haondoki na mwanga mbaya haumdhuru sana. Kama mna darubini, mtoto mkubwa aishike juu ya mkono wa kiti na mwingine aweke lenzi ya simu kwenye tundu moja la kutazamia. Pembe za picha zitakuwa nyeusi, lakini ndege atatoka vizuri ajabu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na watu husimama kupiga tembo kutoka huko. Msifanye hivyo. Malori yapo, tembo yupo, na gari dogo haliko upande wa kushinda.

Kuhusu swali lako la mwisho, watoto waonekane kwenye picha. Kichwa cha mtoto kilichotoka juu ya paa, kikiwa giza mbele, na twiga katika mwanga nyuma yake, ni picha bora kuliko twiga peke yake.

Lamai

Wakuu, mmekwepa mto Mara, na ndiko kila mtu anakotaka kwenda kuona nyumbu wakivuka. Naishi Nairobi na nimefika pande zote mbili za mpaka. Kwetu Maasai Mara kanuni inataka magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, na sote tunajua inavyofuatwa siku ambayo nyumbu wamejipanga ukingoni. Kwenu Serengeti, Julai 2025 ilisambaa video ya Kogatende, kaskazini mwa hifadhi kando ya mto huo, ikiwaonyesha wageni walioshuka kwenye magari na kuwazibia nyumbu njia ya kuingia majini, hadi TANAPA ikatoa taarifa kwa umma. Nauliza: mahali kama hapo ushauri wenu wa kusubiri na kuchagua pa kusimama unawezekana kweli? Na swali la pili, kuna ubaya gani nikirudi nyumbani nikayafuta magari kwa programu ya akili mnemba, ikiwa siiuzi picha yenyewe?

Usukani Kaskazini

Ndugu Lamai, mtoni ushauri unawezekana kwa atakayekubali kuukosa ukingo. Magari yakisubiri mbali, nyumbu hukusanyika, husogea, hurudi, husogea tena, na hali hiyo yaweza kuchukua saa nzima au siku nzima bila kuvuka. Gari moja likiingia mapema, mengine yote hufuata, na nyumbu hugeuka. Mimi huwapeleka wageni wangu juu kidogo, mahali ambapo tunaona msururu mzima ukishuka na vumbi lake, badala ya kushindana pale wanaporukia. Picha ya mamba mdomo wazi hatupati. Tunapata mto, kingo mbili, mstari mweusi wa wanyama na, ndiyo, magari ya upande wa pili.

Kwa wenye kamera, kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) isipungue 1/1000 ya sekunde ukitaka matone ya maji yasimame. Baada ya kupata hizo chache, shusha hadi 1/30 na ufuate mnyama mmoja kwa kuzungusha kamera taratibu. Nyingi zitaharibika. Zitakazopona zitaonyesha mwendo ambao kasi kubwa huugandisha, na magari ya nyuma yatageuka michirizi bila programu yoyote.

Mtoa mada

La programu nijibu mimi. Picha ya kumbukumbu ya familia ni mali yako, ifanyie utakavyo. Tatizo huanza inapowekwa mtandaoni kama ushahidi wa safari, kwa kuwa mwaka ujao mtu ataiona, ataamini kwamba chui wa Seronera hulala peke yake katika ukimya, atalipia safari ya siku tatu, na atamlaumu dereva kwa kumpeleka penye foleni. Mashindano makubwa, kama yale ya Natural History Museum ya London, hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwa mbele ya kamera. Nisingependa kumwekea mtu wa likizo masharti ya mashindano, lakini neno moja chini ya picha, kwamba magari yameondolewa, halimgharimu mtu kitu.

Mimi ningekwenda mbali zaidi na kusema magari yapigwe makusudi. Chukua lenzi pana, simama juu ya kiti, uonyeshe mti, chui, na safu ya mapaa yaliyoinuliwa yenye mikono na simu. Picha hiyo ina mada, ina ucheshi, na baada ya miaka ishirini itakuwa na thamani ya historia kuliko mkia unaoning'inia.

Mama wa Kihonda

Nimewaelewa, asanteni sana. Nina swali dogo tu: kuna mtu aliniambia nizime eneo (location) kwenye simu kabla ya kuingia hifadhini. Ni kwa ajili ya chaji?

Mtoa mada

Chaji ni faida ya pembeni, dada. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa, na picha ya faru ikitumwa ikiwa nzima yaweza kubeba taarifa hiyo hadi kwa mtu ambaye haji kutalii. Kwa nyati na pundamilia wa Mikumi haina uzito huo. Kwa atakayeshuka Ngorongoro, azime eneo katika mipangilio ya kamera tangu nyumbani, na akiweka picha ya faru mtandaoni aandike jina la hifadhi tu, bila kutaja alikuwa upande gani wala saa ngapi.

Usukani Kaskazini

Nami naongeza moja kwa watakaopita Karatu: nunueni kilo mbili za mchele au maharage sokoni, mtie kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, muuweke ukingoni mwa paa na kulaza lenzi juu yake. Miguu mitatu ya kamera ndani ya gari ni usumbufu kwa kila mtu. Safari ikiisha mnaweza kumwachia mpishi wa kambi.